Kwa Nini Nimemwandika Mdogo Wako

Mwanangu mpenzi,

Nimeisoma barua yako mara tatu kabla ya kushika kalamu, kwa sababu mara ya kwanza sikuona ndani yake ila hasira, na ilinichukua muda kutambua kwamba hasira hiyo ilikuwa imefunika maswali mawili ya haki kabisa. Unauliza kwa nini, katika hati ya maelekezo ya matibabu niliyowatumia nakala, mtu atakayenisemea siku nisipoweza kusema ni mdogo wako, na si wewe kifungua mimba wangu. Tena unauliza haraka hii imetoka wapi, ilhali siumwi na wala hakuna daktari aliyenitisha. Nitaanza na hili la pili kwa kuwa ndilo jepesi.

Hati ya namna hii huandikwa na mtu mwenye akili timamu, la sivyo haiandikwi kabisa. Nchi nyingi zinazoitambua kisheria, ingawa zinatofautiana katika mashahidi na mihuri, zinakubaliana kwamba anayeiandika lazima awe anaelewa anachokiamua siku anapotia saini, na kwamba maelekezo yake huanza kufanya kazi pale tu anapopoteza uwezo huo. Maadamu ninaweza kujisemea, daktari ataniuliza mimi, nami niko huru kuibadilisha au kuichana wakati wowote nipendao. Mtu akingoja augue ndipo aandike, huenda ugonjwa ukaanza kwa kumnyang'anya kile kile anachohitaji ili aandike.

Wala usidhani ni shughuli ya wazee. Kesi tatu za Marekani zilizowafikisha mahakimu kwenye vitanda vya wagonjwa zote zilihusu wanawake vijana: Karen Ann Quinlan alikuwa na miaka 21 alipopoteza fahamu mwaka 1975, Nancy Cruzan miaka 25 alipopata ajali ya gari mwaka 1983, na Terri Schiavo miaka 26 moyo wake uliposimama mwaka 1990. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameacha maandishi. Wazazi wa Cruzan walipotaka mrija wa kumlisha uondolewe, kesi ilifika hadi Mahakama Kuu ya nchi hiyo, ambayo mwaka 1990 iliamua kwamba jimbo lina haki ya kudai ushahidi ulio wazi wa matakwa ya mgonjwa mwenyewe, na ikabidi watafutwe watu waliowahi kufanya kazi naye waje waeleze aliyoyasema zamani katika mazungumzo ya kawaida. Katika kesi ya Schiavo, mume na wazazi walishindana mahakamani kwa miaka saba, kila upande ukiapa kwamba ndio unaomjua, mpaka alipofariki mwaka 2005. Wewe una mwenzi na watoto, na umri wako umeshawapita wote watatu. Kwa hiyo ukiniuliza haraka ya nini, nami nina haki ya kukuuliza hati yako iko wapi.

Sasa niingie katika swali lililokuuma. Unakumbuka mwaka wa mwisho wa bibi yako, ugonjwa wa kusahau ulipokuwa umemfikisha mahali ambapo chakula kilikaa mdomoni akasahau kukimeza. Daktari alinikuta kwenye ujia wa wodi akaniuliza, "Mama, mnataka tumfanyie nini?" Nikamwambia afanye kila kinachowezekana. Wakamtoboa tumbo, wakampitishia mrija wa kulishia, naye kila alipopata nafasi aliung'oa, kwa kuwa hakujua ni kitu gani kimemganda mwilini. Ndipo mikono yake ikafungwa kwa vitambaa kwenye kingo za kitanda, ikabaki hivyo kwa muda mwingi wa miezi mitano. Nilikuja kujua baadaye, nilipoanza kusoma, kile ambacho mabingwa wa magonjwa ya uzee wanakisema waziwazi: kwa mgonjwa wa kusahau aliyefika hatua ya mwisho, hakuna ushahidi kwamba mrija humrefushia maisha wala kwamba humkinga na nimonia, na wanachoshauri ni kumlisha kwa mkono, taratibu, kadiri anavyopokea, na kuacha anapokataa.

Simlaumu daktari yule kwa mrija. Ninachokilaumu ni namna swali lilivyoulizwa, na haraka yangu ya kulijibu. Aliuliza tunataka nini, nasi tulitaka mama asife. Tukajibu kwa ukweli. Hakuna aliyeuliza mwenyewe angesema nini lau angeweza kukaa nasi kwa dakika kumi akiwa na akili zake zote, yeye ambaye hata kuvalishwa viatu na mtu mwingine alikuwa hapendi. Jibu tulikuwa nalo sote, ila hatukuulizana.

Wewe siku zile ulikuwa upande wangu, na ulisema neno ambalo nami nilikuwa nalisema moyoni, kwamba hatuwezi kumwacha bibi afe kwa njaa. Sikushikii neno hilo hata kidogo. Lakini miaka miwili baadaye, nilipokueleza kwamba ninajuta, uliniambia kwamba jambo lile likirudi ungefanya vilevile, kwa bibi au kwa mtu mwingine yeyote unayempenda. Mdogo wako, ambaye unajua alivyo mkimya, usiku ule vitambaa vilipofungwa aliniuliza jambo moja tu: "Bibi mwenyewe angekubali?" Sikuwa na la kumjibu, na nilimkasirikia. Basi nilipofika kwenye sehemu ya jina la mwakilishi, nililikumbuka swali lile nikaandika jina la aliyeliuliza.

Nisingependa udhani nimepima mapenzi yenu nikaona yako ni pungufu. Nikisema kweli, naona yako ndiyo makali zaidi, na hapo ndipo ninapoogopa. Anayemsemea mgonjwa hutakiwa ayabebe maneno ya mwenzake na kuyafikisha yalivyo, hata pale moyo wake unapoyapinga, na wewe tangu utotoni hujawahi kubeba neno usiloliamini. Tabia hiyo imekusaidia katika mengi. Katika hili ingekuumiza, nami ningeumia nawe nikiwa siwezi kukuambia uache.

Hata hivyo sikumwandika mdogo wako nikadhani atajua kwa kubahatisha. Mwaka 2006 watafiti walikusanya tafiti 16 zilizolinganisha majibu ya wagonjwa na majibu ya watu waliotakiwa kuwasemea, ambao wengi wao ni wenzi na watoto, na wakaona kwamba walipatia takriban asilimia 68 tu ya mara zote. Takribani mara moja kati ya tatu, mtu wa karibu kabisa alikosea. Ndiyo maana nimemweleza kwa mdomo zaidi ya nilivyoandika, na ndiyo maana nakueleza nawe, ili asiwe peke yake anayejua.

Kuhusu kukandamiza kifua moyo unaposimama, nimeandika kwamba kwa hali niliyo nayo leo wanifanyie. Njia hiyo ilipoanza kuenea baada ya mwaka 1960 ilikusudiwa kwa moyo uliosimama ghafla ndani ya mwili ambao bado ungeweza kuendelea, na huko inaokoa. Filamu zimetuzoesha kuona karibu kila mtu akiamka. Kati ya watu ambao moyo husimama wakiwa wamelazwa, wanaotoka hospitalini wakiwa hai ni kama robo au pungufu, hata kwenye vifaa bora, na kwa mtu aliyedhoofika na ugonjwa usiopona idadi hiyo hushuka sana, achilia mbali mbavu ambazo mara nyingi huvunjika. Kwa hiyo nikifika huko, wasinikandamize.

Mashine ya kupumulia nimeikubali kama jaribio lenye muda. Wakiona kuna tumaini, waniunganishe, na siku hiyo hiyo wapange na mdogo wako ni baada ya siku ngapi watakaa tena chini kuangalia kama ninarudi au ninaelekea kwingine. Niliwahi kudhani kwamba mashine ikishawekwa haiondoleki, na kwamba kuiondoa ni kuua. Madaktari na wanasheria wa nchi nyingi hawaoni tofauti kati ya kutoanza tiba ambayo mgonjwa haitaki na kuisitisha baada ya kuona haimsaidii. Ugonjwa ndio unaomchukua. Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu wanaoogopa kuiondoa mara nyingine huogopa hata kuianza, na mtu ambaye angepona kwa siku nne za mashine akakosa nafasi hiyo.

Mrija wa kulishia nimeukataa kabisa ikiwa ni ugonjwa wa kusahau, na sababu unaijua. Ikiwa ni kiharusi, na wataalamu wakaona kwamba uwezo wa kumeza unaweza kurudi, wauweke kwa wiki kadhaa. Dawa za maumivu na za kuzuia kuhema kwa shida nazitaka siku zote, hata zikinilaza usingizi mchana kutwa. Kukataa mashine hakumaanishi kukataa kuuguzwa, na tiba shufaa, yaani ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, nimeiomba kwa maandishi makubwa kuliko yote, kwa vile nimeona watu wakidhani kwamba baada ya "hapana" hakuna tena anayeingia chumbani.

Fomu yenyewe imejaa visanduku vya kutia alama, na visanduku havijui kesho itakuja na nini. Kwa hiyo pembeni nimeongeza sentensi moja kwa mkono wangu: "Nisipoweza tena kumtambua aliyeingia chumbani, na madaktari wawili wakaona kwamba hali hiyo haitarudi nyuma, msinirefushie safari." Mambo mengine yote mwakilishi ayapime kwa sentensi hiyo.

Umeuliza pia kama mdogo wako amefungwa na kila neno la hati. Watu hutofautiana sana katika hili. Mwaka 1992, wagonjwa 150 waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine kutokana na ugonjwa wa figo waliulizwa wangempa daktari na mwakilishi uhuru kiasi gani wa kwenda kinyume na maelekezo yao iwapo wangeona ni kwa faida yao. Asilimia 39 walisema hakuna uhuru wowote, na asilimia 31 wakasema uhuru wote. Mimi nimegawa. Kuhusu mrija hana ruhusa ya kubadilisha hata herufi. Kwa yaliyobaki, akiona jambo ambalo sikuliwazia, aamue kama ambavyo angeamua akiwa ananisikia, na asiulizwe tena na mtu yeyote kwa nini.

Wewe nimekuandika wa pili, iwapo yeye hapatikani au hawezi. Nimemwagiza akuite na akusikilize kabla ya uamuzi wowote usioweza kurudishwa, lakini mkitofautiana, neno lake ndilo la mwisho. Nimeandika hivyo wazi kwa sababu madaktari wakikuta watoto wawili wanabishana juu ya mgonjwa asiyesema, mara nyingi huendelea na kila tiba kwa kujihami, na mimi ndiye ningelala katikati ya ubishi huo. Hati hii haimpi mamlaka yoyote juu ya mali, na mashahidi wake hawana urithi kwangu. Nakala moja iko kwa daktari wangu. Ya kwako usiifungie pamoja na vyeti, kwa kuwa saa ya kuihitaji huwa haina mtu wa kutafuta ufunguo.

Kifungu kimoja nimekiacha bila kujaza, nawe umekiona bila kuuliza: mahali ninapotaka kuuguziwa siku za mwisho. Ningependa iwe nyumbani, lakini nyumbani maana yake ni mtu wa kunigeuza usiku, kunisafisha, na kunipa dawa kwa saa zake, na sitaki kuandika nyumbani halafu mtu huyo awe ni mdogo wako peke yake kwa sababu jina lake ndilo lililo juu. Hili nalihitaji kutoka kwako kabla sijatia kalamu: katika wiki kama hizo, ungeweza kuja na kukaa kwa muda gani? Usinijibu kwa simu. Fikiri kwanza na mwenzio, kisha uniandikie.

Mama yako