Barua kwa mwanangu: kuhusu dakti za nyumba yako

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na mama yako, naye ndiye aliyesema nikuandikie, maana nikianza kuzungumza nitammalizia bando lake. Huku hatujambo. Mguu wake umepungua kuvimba, na ule mwembe uliokuangusha umezaa mpaka tunagawia majirani.

Umeuliza jambo moja tu. Nyumba mliyonunua hapo Phoenix, Marekani, ni ya miaka ya 1970, dakti zake, yaani yale mabomba mapana ya kupeleka hewa baridi vyumbani, zimelala darini tangu enzi hizo, kuna michirizi myeusi kuzunguka matundu ya hewa, mjukuu wangu anakohoa, na kampuni fulani imeacha kipeperushi mlangoni kwamba itasafisha dakti za nyumba nzima kwa dola 99. Je, muwaite au msiwaite? Ningeweza kukujibu kwa neno moja nikarudi kwenye kahawa yangu. Ila baba yako unamjua. Fungua kwanza, ndipo useme bei.

Maneno hayo si yangu. Ni ya msimamizi wangu wa kwanza pale kiwandani, yule mzee aliyekuwa akigusisha ncha ya bisibisi kwenye kompresa, mpini akaubana sikioni, kisha akakwambia beringi gani imechoka. Alikuwa akisema, fundi anayetaja bei kabla hajafungua anauza mdomo. Sasa hiyo dola 99, mama, imetajwa na mtu ambaye hajawahi hata kuiona ngazi yako. Kazi ya kweli ya kusafisha dakti za nyumba nzima inakula saa kadhaa. Wanafunga mashine kubwa ya kufyonza, wanaziba matundu yote, wanapitisha brashi tawi moja baada ya jingine, na koili, ile mirija inayopoza hewa, pamoja na feni navyo wanaviosha. Haiwezi kuwa bei ile. Bei ile ni ya kuingilia mlangoni. Wakishaingia watakuonyesha picha ya ukungu, na picha yenyewe huenda ni ya nyumba ya mtu mwingine.

Umeona? Tayari nahukumu watu nisiowajua. Mama yako amecheka aliposoma hapo.

Mdogo wako alinifungulia maelezo ya EPA, ile mamlaka ya mazingira ya huko kwenu. Wanasema haijathibitishwa kwamba kusafisha dakti kunazuia maradhi. Vumbi likishanasa ukutani mwa dakti, aghalabu hukaa palepale. Wao wanashauri usafishe ukiona ukungu kwa macho yako, au panya na wadudu wamefanya makazi humo, au vumbi limejaa mpaka hewa haipiti au linamwagika chumbani. Nilisoma nikatikisa kichwa, maana hayo nilikuwa nayajua mwaka 1999. Niliyajua, na hayakunizuia.

Unaikumbuka gesti ya Capri Point, hapa Mwanza? Ile yenye baraza linaloangalia ziwa, mwenyewe mama mjane, alikuwa akikuita mkwe. Ulikuwa darasa la tatu. Ule ndio mwaka Ulaya ilikataa samaki wa ziwa letu kwa sababu ya habari za wavuvi wanaotumia sumu, na kiwanda nilichokuwa nikitunza vyumba vyake vya baridi kikapunguza watu. Mimi nilikuwa kwenye kundi la kwanza. Mnajua wenyewe tulivyokula dagaa miezi ile.

Yule mama akanitafuta. Gesti yake ilikuwa na mashine moja kubwa ya hewa, ya zamani, na dakti za bati zilizopita juu ya dari mpaka vyumba vya nyuma. Wageni walikuwa wanalalamikia harufu. Nikaja na wewe ili unishikie tochi, shule mlikuwa mmefunga. Nikafungua mashine. Trei ya maji chini ya koili ilikuwa imejaa, maji yametuama yamegeuka rangi ya chai, na bomba la kuyatoa limezibwa na wale vijidudu wa ziwani, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi, asubuhi unawafagia barazani kwa ndoo. Walikuwa wameingia wakafia mle hadi wakawa kama udongo. Nikachukua waya, nikazibua. Maji yakaenda. Dakika kumi, pengine na ushee.

Kisha nikapanda darini kuangalia dakti, na wewe nyuma yangu. Nikafungua kipande kimoja. Kulikuwa na vumbi jembamba, kama la juu ya kabati. Ndipo ukauliza, kwa sauti yako ile isiyojua kunong'ona: "Baba, mbona huku hakuna uchafu?"

Nikakwambia, "Shika tochi vizuri."

Nikashuka nikamwambia yule mama kwamba dakti zote zinahitaji kusafishwa, na nikataja bei. Siku tatu. Niliazima kifyonza vumbi cha hoteli ya jirani, nikaunga brashi ya bomba la moshi kwenye mpini mrefu, nikasugua kitu kisichohitaji kusuguliwa. Kila siku saa nne alituletea chai ya maziwa na chapati. Siku ya mwisho alinilipa pesa yote bila kuomba nipunguze, akatufungia sato wawili kwenye gazeti. Wewe ulikula kichwa, kama kawaida yako.

Hilo peke yake ningelimeza. Lakini mahali feni inapoungana na dakti kulikuwa na kitambaa cha turubai kilichozeeka, na brashi yangu ikakichana. Nikakizungushia utepe wa gundi nikijua kabisa kwamba utepe ule hauchukui muda. Gundi yake hukauka, ukaachia. Mwaka uliofuata nikakutana naye sokoni Kirumba. Akanishukuru mbele za watu, harufu imekwisha, fundi mwaminifu huyu. Akasema vyumba viwili vya mwisho tu ndivyo havipoi siku hizi, labda ni uzee wa mashine.

Nikasema, labda ni uzee.

Unaweza kusema ada ya shule yako na ya kaka yako ilitoka mle, na ni kweli. Mama yako husema hivyo kila nikilikumbusha. Husema pia kwamba nilifanya kazi, sikuiba, nililipwa kusugua na nilisugua. Kuna siku namkubalia. Fundi naye ana tumbo, na asiyepanda dari za watu asimcheke anayepanda. Halafu usiku nakumbuka kwamba harufu iliondolewa na waya wa dakika kumi, yeye akaishukuru brashi, na ile brashi ndiyo iliyomharibia vyumba viwili. Alishafariki. Jengo limepakwa rangi mpya. Nikipita na daladala huwa natazama upande wa ziwa.

Kwa hiyo usinichukulie kama hakimu wa hao wa dola 99. Mimi ni mwenzao.

Turudi darini kwako. Mwaka 2023, uliposimulia kwamba joto limefika nyuzi 43 au zaidi siku 31 mfululizo, mama yako alidhani unatia chumvi. Mimi niliwaza dari. Nje ikiwa hivyo, chini ya paa inapita nyuzi 60, na mle ndimo dakti zako zilimolala kwa miaka hamsini. Utepe wa gundi mle unakuwa kama jani kavu. Wataalamu wa huko wanakadiria kwamba katika nyumba ya kawaida hewa asilimia 20 hadi 30 hupotelea njiani kwa sababu ya matundu na viungo vilivyoachia. Yaani unalipia umeme kumpozea panya wa darini. Na upande unaovuta hewa kuirudisha kwenye mashine ndio mbaya zaidi: penye tundu unanyonya vumbi la darini na kulileta chumbani kwa mtoto. Ikija ile dhoruba ya vumbi mnayoiita habubu, hesabu mwenyewe.

Ukisafisha dakti inayovuja bila kuiziba, ni kuchota maji mtumbwini na tundu liko wazi. Siku chache tu umerudi palepale. Kuziba kwenyewe hufanywa kwa ile gundi nzito ya kupaka kwa brashi, wanaiita mastiki. Utepe wa kitambaa mnaouziwa kwa jina la utepe wa dakti uachie kufungia maboksi.

Hiyo michirizi myeusi mara nyingi ni hewa inayopenya pembeni mwa tundu, kati ya grili, kile kifuniko cha tundu, na dari, ikiburuta vumbi njiani. Haikwambii lolote kuhusu ndani ya dakti. Inaweza kuwa chafu ndani, inaweza kuwa safi.

Kuna mengine mawili yananikosesha usingizi. Ulisema baadhi ya dakti ni zile laini, za plastiki na waya wa kuzunguka. Brashi ya nguvu huzichana kuliko nilivyochana turubai la yule mama. Na kwa nyumba ya umri huo, ukiona viungo vimefungwa kwa kitambaa au karatasi nyeupe iliyochakaa, usikiguse wala usiruhusu mtu akisugue mpaka kipimwe, maana huenda ni asibesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Na wakitaka kupulizia dawa ya kuua vijidudu ndani ya dakti, waambie baba amekataa. Hapo sihitaji kufungua.

Kikohozi cha mtoto mpeleke kwa daktari, usikipeleke kwa fundi. Udongo wa jangwa la kwenu una kuvu wanaoleta homa ya bonde kwa kuvuta vumbi. Madaktari wa Arizona wanaifahamu na wana kipimo chake.

Sasa, muwaite au msiwaite? Ulimi unaniwasha, mama. Nilishaandika jibu hapa, nikalikata, mama yako ni shahidi, na ukiinua karatasi kwenye mwanga utaliona. Lakini nikikujibu nikiwa Mwanza, sijapanda ngazi yako, nitakuwa nimetaja bei kabla ya kufungua.

Basi fanya hivi. Ondoa grili ya tundu la kurudishia hewa, piga picha ndani kwa tochi. Toa filta, lile chujio la hewa, nitumie picha yake pande zote mbili, na uniambie imekaa muda gani. Majira ya joto usiiache ipite mwezi hujaiangalia. Usikimbilie filta nene kuliko zote dukani, feni ya zamani itashindwa kupumua. Zima umeme, fungua mlango wa mashine, uangalie trei chini ya koili kama maji yametuama. Trei, usiisahau. Kisha mume wako apande darini atazame viungo, akanyage mbao tu, avae barakoa na mikono mirefu, na awe ameshuka kabla jua halijashika paa. Aanze saa kumi na moja alfajiri. Huku itakuwa saa tisa alasiri, nitakuwa nimeshaamka usingizi wa mchana, simu iko mkononi.

Na mjukuu wangu asipande. Ila kama atataka kushika tochi pale chini, mwache ashike, na akiuliza kitu mjibuni.

Baba yako