Anapokuja Kwako Kabla ya Kwenda Polisi

Katika kazi yangu ya kutoa ushauri nasaha kwa waumini wa dini mbalimbali nimeona kwamba mtu aliyebakwa au kudhalilishwa kingono, akipata ujasiri wa kusema, mara nyingi humwendea kiongozi wa dini kabla ya daktari au polisi, na jibu atakalopewa hapo huweza kuamua kama atasema tena au atanyamaza miaka yote iliyobaki.

Wanaomnyamazisha hawamtukani, humsomea maandiko. Huambiwa asamehe saba mara sabini, asivunje ndoa, amsitiri mwenzake ili naye asitiriwe. Mafundisho hayo ni mema mahali pake, lakini yakitolewa kabla haki haijatendeka humkinga mkosaji peke yake. Wengine hudai mashahidi wanne, ilhali aya ya 4 ya Suratun Nur katika Qurani inamwadhibu anayewasingizia uzinifu wanawake wenye kujihifadhi bila kuleta mashahidi hao, wala haimzibi mdomo aliyeshambuliwa. Nchini Pakistan sharti hilo liliingizwa katika sheria ya ubakaji mwaka 1979, hata mwanamke aliyekosa mashahidi akawa katika hatari ya kushtakiwa yeye mwenyewe kwa zinaa, mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 2006.

Biblia nayo haifichi. Katika 2 Samweli 13 Tamari, binti wa mfalme Daudi, anabakwa na Amnoni, ndugu yake wa baba, na anatoka akilia waziwazi; Absalomu kaka yake anamwambia anyamaze kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu yake, na Daudi anaghadhibika sana bila kumchukulia Amnoni hatua yoyote. Mimi huyo Daudi ndiye anayenitisha zaidi, kwa sababu viongozi wengi tunafanana naye: tunasikitika kwa dhati, tunafunga na kuomba, kisha mtuhumiwa anahamishiwa mahali pengine penye watoto wengine. Na bado Kumbukumbu la Torati 22:26 lilikwisha kufananisha ubakaji na uuaji, likasema wazi kwamba msichana hana kosa.

Basi akija kwako, msikilize bila kumuuliza alivaa nini wala alifuata nini huko. Mwambie kwamba kosa si lake. Ikiwa tukio ni la karibuni, msindikize hospitali upesi, ikiwezekana kabla hajaoga, kwa maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72. Usiwaite yeye na mtuhumiwa katika chumba kimoja kwa jina la upatanisho. Aliyeumizwa akiwa mtoto, toa taarifa kwa mamlaka, hata wazazi wakikusihi myamalize nyumbani.

Jambo gumu kuliko yote ni pale mtuhumiwa anapokuwa kiongozi mwenzako. Desemba 2019 Papa Fransisko aliondoa siri ya kipapa, yaani kanuni ya usiri mkali ya Kanisa Katoliki, katika kesi za unyanyasaji wa kingono zinazowahusu makasisi, hatua ambayo waathirika walikuwa wameidai kwa miaka. Ushauri wangu ni kwamba asimamishwe huduma siku hiyohiyo, na uchunguzi ufanywe na watu wasiomwita ndugu.