Simu Zimeondoka, Mtu Amebaki: Namna ya Kuijulisha Nyumba Kwamba Ina Watu

Alasiri moja mama yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Makueni kututembelea, aliketi sebuleni kwetu South B, Nairobi, akisoma Biblia huku mjukuu wake amelala chumbani. Mimi na mke wangu tulikuwa kazini. Kwa kuwa simu zetu mbili hazikuwa nyumbani, mfumo wa kuendesha taa na king'ora niliokuwa nimeuunda mwenyewe uliamua kwamba nyumba haina mtu, ukazima taa, ukajiweka katika hali ya ulinzi, na mama aliponyanyuka kwenda jikoni kuchukua maji ya kunywa, king'ora kikalia kwa sauti iliyowatoa majirani milangoni. Aliponipigia simu alikuwa bado anatetemeka, na jambo la kwanza aliloniuliza ni kama kuna kitu alichokigusa ambacho hakupaswa kukigusa.

Swali hilo liliniuma, kwa sababu hakuwa amegusa chochote. Kosa lilikuwa langu na lilikuwa la msingi: mfumo ulikuwa ukiuliza simu za wenye nyumba ziko wapi, ilhali nilichohitaji kujua ni kama kuna mtu ndani. Maswali haya mawili hufanana pale tu ambapo wanaoishi nyumbani ni watu wazima wenye simu janja ambazo haziachani nao. Nyumba ya namna hiyo ni adimu Nairobi. Kwetu kuna watoto wawili wasio na simu, kuna msaidizi wa nyumbani ambaye watoto humwita anti na ambaye simu yake ni kabambe isiyo na Wi-Fi, na kuna wageni ambao hukaa wiki mbili au tatu. Yafuatayo ndiyo niliyojifunza katika kuurekebisha mfumo huo, nami nayaandika kwa ajili ya yeyote anayetaka taa, vipasha maji na king'ora vyake vitii kuwapo kwa watu.

Nitaanza na simu, kwa kuwa zina manufaa yake. Ninatumia Home Assistant, programu huria ya kuendesha vifaa vya nyumbani iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, ambayo ninaiendesha kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Programu hii humchorea mtumiaji duara la nyumbani ambalo nusu kipenyo chake, usipolibadilisha, ni mita 100. Katika mtaa wenye ghorofa zilizosongamana, mita 100 humeza duka, kinyozi, kibanda cha mboga na pengine hata kituo cha matatu, kwa hiyo mtu anaweza kuwa ametoka kabisa na bado akahesabiwa yuko ndani. Ukilipunguza duara sana, mahali panaposomwa na setilaiti huyumba kati ya majengo marefu, na simu iliyolala juu ya meza huonekana ikitoka na kurudi. Mimi hutumia mahali pa simu kwa jambo moja tu, nalo ni kujua kwamba mtu yuko mbali sana, tuseme amefika mjini au amekwama Barabara ya Mombasa.

Kwa ukaribu, ruta ni shahidi bora kuliko setilaiti. Simu inapojiunga na Wi-Fi ya nyumbani, ni hakika kwamba iko ndani au hatua chache kutoka mlangoni. Tatizo ni pale inapokosekana. Simu nyingi, hasa iPhone, huacha kujibu mtandao zinapolala ili kuokoa betri, na ule muda wa kusubiri wa sekunde 180 unaowekwa na Home Assistant kabla ya kumhesabu mtu ameondoka ni mfupi mno. Mimi niliuongeza hadi dakika 15. Vilevile, tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu huficha anwani halisi ya MAC, yaani namba ambayo ruta huitambulia simu, na kutumia ya kubuni, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya simu na uzime ufichaji huo kwa mtandao wa nyumbani pekee. Mtandao mwingine wowote uache kama ulivyo.

Jambo moja kuhusu simu nalisema kwa msisitizo. Usiruhusu kuwasili kwa simu peke yake kufungue mlango au kuzima king'ora. Katika jiji hili simu huporwa kupitia dirisha la matatu mchana kweupe, na aliyeipora asipewe pia funguo za nyumba yako.

Baada ya tukio la mama nilihamisha uzito kutoka kwenye simu hadi kwenye nyumba yenyewe, na nikaanza na mlango. Nyumba ya ghorofani ina bahati moja kubwa: watu huingia na kutoka mahali pamoja. Kuna hila ambayo wapenzi wa mifumo hii huifananisha na nyigu aliyefungiwa ndani ya boksi. Mlango ukifungwa, kisha kihisi chochote kikaona mwendo ndani, basi kuna mtu, naye ataendelea kuwapo hata akitulia tuli kwa saa tano, kwa sababu hakuna njia ya kutoka bila kuufungua mlango. Mlango ukifunguliwa na kufungwa tena, hesabu huanza upya: mfumo husubiri, na mwendo ukionekana, nyumba ina mtu, usipoonekana kwa muda uliouweka, ndipo uwezekano wa nyumba kuwa tupu unapoanza kufikiriwa. Mantiki hii fupi ndiyo ingemkinga mama yangu, maana tangu nilipotoka asubuhi na kuufunga mlango, alikuwa ametembea humo ndani mara nyingi.

Hata hivyo, mlango upi? Nyumba zetu nyingi zina milango miwili, wa mbao kwa ndani na wa grili ya chuma kwa nje, na mchana ule wa mbao huachwa wazi ili hewa ipite huku grili ikiwa na kufuli. Mara ya kwanza nilibandika kihisi cha sumaku, kinachojua mlango umefunguliwa au umefungwa, kwenye mlango wa mbao, na kwa siku nzima mfumo ukaamini kwamba nyumba iko wazi. Kibandike kwenye grili. Chuma huvuruga sumaku ya kihisi na kudhoofisha mawimbi ya redio, kwa hiyo weka kipande cha plastiki au cha mbao chenye unene wa sentimita moja hivi kati ya kihisi na chuma, kisha ufungue na kufunga mara ishirini ukiangalia kama kila mara inarekodiwa. Kazi hii ilinichukua Jumamosi nzima, nami sijutii hata dakika moja.

Kihisi cha mwendo cha kawaida husoma joto la mwili linapohama kutoka upande mmoja wa eneo lake hadi mwingine. Ni cha bei nafuu, betri yake hudumu kwa muda mrefu, na kwenye korido au mlangoni mwa jikoni hufanya kazi vizuri. Lakini hakimwoni mtu asiyesogea, kwa hiyo anayesoma, anayesali, anayenyonyesha au aliyelala si mtu kwake. Kwa sebule na vyumba vya kulala nilinunua rada ndogo za LD2410 za masafa ya gigahezi 24, nikaziunganisha na vidhibiti vidogo vya Wi-Fi viitwavyo ESP32. Rada hizi huhisi hata kifua kinavyopanda na kushuka kwa pumzi, na katika chumba cha kawaida zinatosha. Zina tabia zake pia: pazia likipeperushwa na upepo au feni ikizunguka huhesabiwa kuwa mtu, na mawimbi yake hupenya mbao na ukuta mwembamba, jambo linaloweza kumleta jirani ndani ya hesabu yako. Elekeza rada kwenye kochi au kitanda, ipunguzie umbali wa kuona, na uipe mgongo dirisha.

Stima ikipotea, mambo hubadilika. Ruta huzimika, rada huzimika, na vinapowaka tena mfumo hauna kumbukumbu ya nani yuko wapi. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika katika sehemu kubwa ya nchi, wengi wetu tulikaa gizani kwa saa kadhaa, na mfumo unaotafsiri ukimya wa ruta kuwa kuondoka kwa watu ungeamka ukiamini kwamba kila nyumba ya Nairobi ni tupu. Kutojua si sawa na kutokuwapo. Kwangu, kihisi kilichonyamaza hakihesabiwi upande wowote, na baada ya stima kurudi nyumba huhesabiwa ina watu hadi ushahidi uonyeshe vinginevyo. Ruta na Raspberry Pi nimeviwekea betri ndogo ya akiba, kwa kuwa vyote viwili hutumia umeme kidogo sana.

Ushahidi wa kiasi gani, basi, unatosha? Inategemea kitakachofanyika. Taa ya LED ya wati 9 ikiachwa ikiwaka kwa muda wa saa 10 hutumia yuniti 0.09, yaani hata sehemu moja ya kumi ya yuniti moja ya tokeni haifiki. Kuacha taa hiyo ikiwaka bure ni hasara ndogo kuliko kumwacha bibi gizani. Kwa sababu hiyo taa huzimwa chumba kwa chumba, rada ya chumba husika ikisema hakuna mtu kwa dakika 20. Kipasha maji huzimwa baada ya muda wake hata kama watu wapo. King'ora kinahitaji mashahidi wote: grili imefungwa, hakuna mwendo wala pumzi iliyohisiwa kwa dakika 30 tangu ilipofungwa, simu zote mbili ziko mbali, na hakuna kihisi hata kimoja kilichonyamaza. Hata hapo, kabla hakijawashwa, spika ya sebuleni husema kwa Kiswahili kwamba ulinzi unawashwa na kumwomba aliye ndani abonyeze kitufe kilicho kando ya mlango. Ni kama nyumba kupiga hodi kwa watu wake.

Kitufe hicho ndicho kifaa cha bei ya chini kuliko vyote nilivyonunua, na ndicho kinachopendwa zaidi. Anti hukibonyeza asubuhi sisi tunapotoka, na mgeni yeyote huonyeshwa siku ya kwanza. Mtu asiyekuwa na simu janja hupata sauti yake katika mfumo kwa kidole kimoja.

Nilikaa na anti na kumweleza kila kihisi kinachofanya kazi, kinachoonekana na kisichoonekana, na nikamwonyesha kwamba hakuna kamera wala maikrofoni ndani. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na haki hiyo haikomei kwa mwenye mkataba wa kupanga. Aliniomba chumba chake kisiwekwe rada. Sikuiweka, mlangoni mwake kuna kihisi cha kawaida cha mwendo, na mantiki ya grili inatosha kumhesabu. Kumbukumbu za kuingia na kutoka hufutwa kila baada ya siku tatu, na tulikubaliana kwamba hazitatumika kamwe kuhesabu saa zake za kazi.

Kabla ya kuuamini mfumo wako, uujaribu ukiwa kama mtu dhaifu zaidi nyumbani. Acha simu kwa jirani, keti kwenye kochi kwa saa moja bila kusogea, kisha lala kitandani kwa saa nyingine ukiwa umejifunika blanketi. Mwombe mtoto acheze chini ya meza. Zima swichi kuu, subiri dakika kumi, iwashe, na uangalie nyumba inasema nini kuhusu wewe uliyesimama katikati yake. Kila mwezi angalia betri ya kihisi cha grili, maana ikiisha hubaki ikisema neno lake la mwisho, na mfumo mzima unalitegemea neno hilo. Mimi huiangalia Jumapili ya kwanza ya mwezi, na mama anapotujulisha kwamba yuko safarini kutoka Makueni, huiangalia tena kabla basi lake halijafika.