Jaji rafiki wa mzee, au mhadhiri aliyekufundisha?

Mkuu, umeuliza barua ya mapendekezo ya kuombea LLM (shahada ya uzamili ya sheria) Marekani uichukue kwa jaji mstaafu, rafiki wa baba yako, au kwa mhadhiri msaidizi aliyekufundisha Sheria ya Ushahidi. Nenda kwa mhadhiri.

Jaji ataandika nini? Kwamba anaifahamu familia yenu na wewe ni kijana mwenye adabu. Wanaosoma maombi wanatafuta unavyochambua kesi, unavyojenga hoja na unavyoandika. Mimi niliwahi kudanganyika na cheo, nikaambulia aya 3 na jina langu limekosewa. Barua ya pili niliomba kwa msimamizi wa tasnifu yangu. Yule alikumbuka hadi sura aliyoijaza wino mwekundu nikaiandika upya yote, na akaitaja. Tofauti yake mbingu na ardhi.

Usimwendee mikono mitupu (sisemi bahasha!). Mpelekee wasifu, matokeo, na kazi yako moja aliyoisahihisha, wiki 6 hivi kabla ya tarehe ya mwisho. Muulize kabisa: "Mwalimu, unanifahamu kiasi cha kuniandikia barua nzito?" Akianza kujikuna kichwa, mshukuru utafute mwingine.

Vyuo vingi vya huko hupokea barua kupitia LSAC (shirika linalokusanya nyaraka za wanaoomba vyuo vya sheria), na mwandishi huituma mwenyewe. Kwa hiyo akikwambia "andika tu, mimi nitasaini", kama wanavyopenda kufanya huku kwetu, huyo achana naye.