Waniuliza Nakujibu: Maktaba au dawa za zahanati?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na nyingi zinahusu jambo moja, maktaba ya wadi na pesa za kaunti zilizopungua, yaani inaonekana si wadi moja inayogombana. Nimechagua nne. Majina nimeyaficha na wadi pia nimezificha, manake kuna mtu ameniomba asijulikane hata kwa mwandiko wake.

Shangazi salaam. Huku kwetu tuliambiwa tutajengewa maktaba ya umma, MCA, yaani mwakilishi wa wadi, alisimama mbele ya watu akasema na ikaandikwa. Sasa kaunti inasema pesa hazitoshi miradi itapunguzwa, ndio vita vimeanza. Wazee na akina mama wengi wanasema zahanati haina hata dawa ya homa ya mtoto, maktaba ya nini. Walimu na vijana nao wanasema watoto hawana pa kusomea. Mkutano wa juzi kwa chifu uliisha kwa matusi, kuna mtu na shemejiye hawasalimiani mpaka leo. Mimi nina watoto wawili shuleni na mamangu ana presha, sasa nisimame na nani? Baba Wawili, Pwani

Baba Wawili, waambie hao mashemeji wasalimiane kwanza, manake wanagombania pesa ambazo haziko mfuko mmoja.

Iko hivi. Maktaba na zahanati zote ni kazi ya kaunti, katiba ya Kenya ya 2010 iliziweka huko kwenye Jedwali la Nne, kwa hivyo wazee hawajakosea kuzipima pamoja. Lakini bajeti ya kaunti ina mafungu mawili, kuna la maendeleo ambalo ndilo la kujenga, barabara, visima na kadhalika, na kuna la matumizi ya kawaida yaani mishahara, dawa, stima, mafuta ya magari. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 iende maendeleo. Sasa jengo la maktaba linatoka fungu la kwanza na dawa za zahanati zinatoka la pili. Mkiiua maktaba leo zile pesa zitaenda kwa mradi mwingine wa kujenga, pengine lami ya wadi ya jirani, na zahanati yenu itabaki na makabati yake matupu vile vile.

Dawa zina mlango wake wa kugonga. Kaunti nyingi zina madeni KEMSA, lile shirika la serikali linalosambaza dawa, na deni likikaa mzigo unachelewa, kwa hivyo wazee waulize deni letu ni kiasi gani na litalipwa lini. Alafu waulize zile pesa zinazoingia pale zahanati zinabaki pale au zinapandishwa makao makuu, manake kuna sheria ya 2023 inayosema vituo vya afya vya umma vibaki na mapato yao vijiendeshe. Hilo swali likiulizwa kwa maandishi, na walimu na vijana wakatia sahihi pia, litamsumbua mtu ofisini kuliko matusi yote ya kwa chifu.

Sasa hao walimu na vijana nina neno nao. Jengo linajengwa mara moja basi, lakini mkutubi analipwa kila mwezi, tokeni za stima zinaisha, vitabu vinachanika, na mtaala nao tumeona unavyobadilika, na hayo yote yanatoka kwenye lile fungu la matumizi ya kawaida ambalo ndilo limebanwa. Mimi nimeona majengo ya umma pwani hii, sisemi wapi, utepe umekatwa picha zimepigwa na mpaka leo mlango una kufuli mbuzi ndio wanalala barazani. Katika mkutano wenu wote huo, kuna aliyeuliza mshahara wa mkutubi uko ukurasa gani wa bajeti? Nabahatisha hakuna.

Na MCA wenu nimtetee kidogo, kidogo tu. Pesa kupungua si porojo. Mwaka 2024 ule mswada wa fedha wa kuongeza kodi ulipoondolewa baada ya maandamano ya Juni, mgao wa kaunti zote kwa mwaka wa 2024/25 ulishuka kutoka shilingi bilioni 400.1 hadi bilioni 387.4, na kaunti zikalazimika kukaa chini kuandika hesabu upya. Ikifika hapo mishahara haiguswi, watu watagoma, kwa hivyo kinachosukumwa mbele ni mradi mpya ambao haujapata kontrakta. Maktaba yenu iko hapo hapo kwenye foleni ya kusukumwa.

Mimi ningekuwa wewe nisingesimama na upande wowote vile ulivyo sasa. Ningeenda niseme tupeni mkutubi kwanza, jengo litakuja baadaye. Tafuteni nyumba ya umma ambayo haina kazi, ukumbi wa zamani, chumba cha ofisi ya wadi, hata kama bati linavuja, ombeni irekebishwe, meza, rafu, taa, choo, na mtu mmoja aliyeajiriwa na kaunti ambaye jina la kazi yake ni mkutubi, si askari wa lango anayeshika funguo. Gharama yake ni ndogo kuliko jengo jipya na ukishafunguliwa watu wakazoea, kuufunga ni aibu kwa mwanasiasa. Nairobi wamefanya hivyo, maktaba za Kaloleni na Makadara zilikuwepo zimechakaa, shirika la Book Bunk wakaelewana na kaunti wakazikarabati, na kabla ya kukarabati waliwauliza wakaazi wanataka nini. Hakuna aliyeanza na uwanja mtupu.

Jambo la mwisho ni tarehe, na hapa ndipo wananchi tunapigwa chenga kila mwaka. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, ule waraka wa mwelekeo wa fedha kabla ya 28 Februari, makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili, na mwaka mpya unaanza 1 Julai. Mradi ambao haukuingia ule mpango wa Septemba kuusukuma ndani mwezi wa tano ni kazi ngumu sana, na mwezi wa tano ndio sisi tunaitwa ukumbini tunapewa soda. Andikeni barua sasa, ombeni nakala ya mpango na bajeti muone maktaba imeandikwa wapi na kwa pesa ngapi, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa maafisa siku 21 za kuwajibu.

Na mamako nenda naye kliniki ya presha, usingoje bajeti.

Wewe Shangazi unawapotosha vijana. Nimefundisha miaka mingi nimestaafu, na ninavyoona vitabu vyote viko kwenye simu siku hizi. Serikali ilete wifi ya bure sokoni tumalize maneno. Maktaba ni mambo ya zamani. Mwalimu Mstaafu

Mwalimu shikamoo. Wifi sokoni siikatai, ikija nami nitaitumia. Lakini wewe uliyekaa darasani unajua mtoto anasomea wapi usiku, nyumba ya chumba kimoja, televisheni inalia, mdogo wake analia, taa moja, na simu ni ya baba na baba anatoka nayo alfajiri. Huyo mtoto akiambiwa na mwalimu wake atafute kitu cha mradi wa shule, anakwenda saiba, analipa kwa dakika, analipa kuprinti, na mwenye wazazi wasio na hizo pesa anarudi shule mikono mitupu anaambiwa mvivu. Anachokosa hapo si kitabu peke yake, anakosa meza, mwanga, kimya, kompyuta, na mtu mzima wa kumwonyesha habari hii ni ya kweli na hii mtu ametunga tu.

Hilo la zamani nalo sikubali. Mwaka 1996 huko Garissa huduma ya maktaba za taifa ilianza kupakia masanduku ya vitabu juu ya ngamia kuwafuata wafugaji na shule zao, jengo hakuna, barabara hakuna, na watoto wakaazima wakarudisha. Kwa hivyo hata kwenye simu na wifi sawa, ila wekeni hiyo wifi ndani ya chumba chenye viti. Sokoni mtoto wa miaka 12 atasoma nini pale na makelele ya samaki?

Dadangu mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha vijana. Tuko tayari kuendesha maktaba bure, kwa zamu, na kuna watu wa ng'ambo wameahidi kontena la vitabu. Kaunti itupe chumba tu. Wazee hawatuamini. Tufanyeje? Kijana wa Mtaa

Kaka, moyo wenu naupenda, sasa nisikilize bila kukasirika. Wewe una miaka mingapi, ishirini na ngapi? Kazi ikitokea Mombasa au Doha kesho utakataa kwa sababu ya zamu ya Jumanne? Hutakataa, na hupaswi kukataa. Ndio maana wazee wana wasiwasi, si chuki. Uingereza ambako maktaba zina sheria yake tangu 1964, serikali ilipobana matumizi maktaba karibu 800 zilifungwa kati ya 2010 na 2019, na baadhi ya zilizobaki wazi walikabidhiwa watu wa kujitolea kama nyinyi. Zingine zinakwenda vizuri. Lakini ukikubali kufanya kazi ya mkutubi bure, mwaka unaofuata mtu wa bajeti atasema hapo pako sawa, pelekeni mshahara kwingine. Kwa hivyo jitoleeni muda wote mnaotaka, saa za jioni, kusomea watoto hadithi Jumamosi, kufundisha wazee kutumia simu, lakini mkataba uandikwe kwamba ni kumsaidia mkutubi, na uandikwe mpaka lini.

Kontena sasa. Ulizeni orodha kabla halijapanda meli!! Nishaona masanduku yakifunguliwa ndani kuna vitabu vya sheria za kodi za nchi ya watu na vya kompyuta za zamani kabla ya wewe kuzaliwa, alafu ushuru na usafiri wa kutoka bandarini unamngoja nani? Waambieni kwa adabu kwamba pesa kidogo za kununua vitabu hapa hapa zinafaa zaidi, vitabu teule vya KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, vya gredi za chini, hadithi za Kiswahili, vya dini kama watu wanataka. Wakikasirika, basi walikuwa wanatafuta pa kutupa.

Shangazi, marehemu babangu alitamka mbele ya watu kwamba kile kiwanja karibu na barabara kijengwe maktaba. Hakuandika. Ndugu zangu wawili sasa wanasema kiwanja ni cha urithi. Nani ana haki? Binti Mkubwa

Mamangu, Mungu amrehemu mzee. Kwa sasa kiwanja bado ni chake kwenye karatasi, na karatasi ndiyo kaunti itakayoiangalia, hawawezi kumwaga pesa za umma kwenye ardhi ya mtu binafsi, mkaguzi wa hesabu atawauliza na mradi utasimama. Hilo alilotamka linaweza kuwa na uzito kwenye mirathi ikiwa walioshuhudia watakuja kusema, sasa hapo inategemea dini na mahakama mnayokwenda, kama nyinyi ni Waislamu nendeni kwa kadhi mkaulize habari ya wasia wa mdomo na wakfu kabla hamjagawana. Mkishamaliza mirathi, hao warithi ndio watakaokihamisha kwa kaunti kwa maandishi, na muombe iandikwe kwamba ni cha maktaba tu, isije ikawa baa. Sahihi za ndugu wote zitatakiwa, hata ya ndugu aliye ng'ambo kama yuko, kwa hivyo mpigie wewe mwenyewe usingoje wale wawili wampigie kwanza.