Jibu: Boliti au nusu otomatiki kwa mdunguzi wa polisi?

Mkuu, umeuliza kikosi chenu kinunue bunduki ya boliti (boliti ni kifungio cha nyuma ya mtutu, ambacho mpigaji hukivuta na kukirudisha kwa mkono kabla ya kila risasi) au ya nusu otomatiki (inayojipakia yenyewe baada ya kila risasi), na kama risasi ya aina ya .308 Winchester bado inatosha wakati kila mtu anasifia risasi mpya za masafa marefu. Nimekuwa fundi wa silaha, kisha mkufunzi wa wadunguzi wa polisi, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyashika kwa mikono.

.308 inatosha kabisa. Polisi hapigi kilomita moja. Kazi yake kwa kawaida iko ndani ya mita 100, ila nyuma ya mlengwa kuna mateka, majirani, pengine mtoto. Kwa hiyo bunduki yake ipimwe kwa risasi ya kwanza, mtutu ukiwa baridi. Nimeona vikosi vikienda uwanjani, vinapasha mtutu kwanza, halafu vinapiga picha matundu yaliyokusanyika vizuri na kusema bunduki imefaulu. Siku ya tukio hakuna atakayekupa risasi za kupasha! Piga moja asubuhi, andika ilipotua, iweke bunduki, rudi siku nyingine upige moja tena. Zikitua zote ndani ya dakika moja ya nyuzi, yaani takriban milimita 29 kwa mita 100, hiyo ni bunduki ya kazi.

Kwenye kipimo hicho ndipo boliti inaponishawishi. Unapofyatua, hakuna gesi inayosukuma pistoni wala boliti inayorudi nyuma yenyewe. Mtutu ukiachwa huru usiguse popote kitako, yaani mwili wa mbao au sintetiki unaoubeba, hutetema kwa namna ileile kila mara. Nusu otomatiki nzuri zipo, na risasi ya pili inatoka haraka zaidi. Kama mnatarajia walengwa wengi, hilo lina uzito. Kwa tukio la mateka mimi bado nachagua boliti.

Kati ya bunduki za boliti, Remington 700P ndiyo wengi wameizoea, ina mtutu mzito wa inchi 26. Steyr SSG 69 ya Austria ni ya zamani lakini naiheshimu sana, kwa sababu ilikuja na kitako cha sintetiki wakati wengine waling'ang'ania mbao. Mbao hunywa unyevu, huvimba, ikaugusa mtutu, na shabaha inahama bila mtu kugusa skrubu. Tikka na Sako TRG-22 nazo nimezitumia, sina la kuzilaumu.

Lakini msimalize bajeti kwenye bunduki. Munich mwaka 1972, wanamichezo wa Israeli walipotekwa wakati wa Olimpiki, kwenye uwanja wa ndege wa Fürstenfeldbruck polisi watano waliopewa kazi ya udunguzi hawakuwa na mafunzo hayo, walishika bunduki za kijeshi za G3 zisizo na darubini, wala hawakuwa na redio za kuwasiliana. Mateka wote waliokuwa wamebaki walikufa. Naumia kila nikiona kikosi kinanunua bunduki ya kifahari kisha kinaifunga darubini ya bei rahisi kwa vishikizo vilivyolegea.

Nunueni risasi za mashindano, yaani zilizotengenezwa kwa usahihi wa juu, za uzito mmoja, gramu 10.9 ni chaguo lililozoeleka, na mchukue nyingi za toleo moja la kiwandani. Toleo likibadilika, rekebisheni shabaha upya. Mafuta yaliyobaki ndani ya mtutu baada ya usafi yanaweza kuihamisha risasi ya kwanza, kwa hiyo yafutwe kabla ya bunduki kwenda zamu. Triga isilegezwe na mtu yeyote nje ya vipimo vya mtengenezaji, hata mdunguzi akilalamika ni nzito. Na kila bunduki iwe na mtu wake mmoja na daftari lake.

Kabla ya kusaini mkataba, ombeni kujaribu risasi hizo kupitia vioo vya dirisha na vya gari, shabaha ikiwa umbali mbalimbali nyuma ya kioo. Kioo huipinda na kuivunja risasi, na mdunguzi wenu anapaswa kuwa ameyaona hayo uwanjani.