Muulize Fundi: Friji haizimi, nijaze gesi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina friji ya milango miwili, friza iko juu, ni ile aina inayojiyeyusha barafu yenyewe. Siku hizi inanguruma mchana kutwa na usiku kucha, haipumziki. Friza inagandisha, lakini chini maziwa yanachacha mapema. Ukuta wa nyuma ndani ya friza umetanda barafu nyeupe. Fundi aliyekuja alishika kompresa, ile mota inayosukuma gesi, akasema ina moto kwa sababu gesi imeisha. Nijaze?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usijaze kwanza. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya jiko. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, na ikipungua maana yake inavuja mahali. Anayekuongezea bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kitakachovuja tena, na hilo linanikera sana. Halafu gesi ikipungua, friza nayo hulegea, na barafu hushika kipande kidogo tu cha koili, yaani bomba la ubaridi lililojikunja, pale gesi inapoingilia. Yako imetanda ukuta mzima. Moto wa kompresa usikutishe. Isiyopumzika lazima iwe na moto.

Nyuma ya ukuta huo kuna koili ya ubaridi na feni inayosukuma hewa baridi hadi chini kwenye chakula. Barafu ikiziba koili, hewa haipiti. Chini kunabaki na joto, themostati, yaani kidhibiti cha baridi, inaendelea kudai baridi, kompresa haipati ruhusa ya kuzima. Kwa kawaida kuna hita ndogo karibu na koili, inayowaka kila baada ya saa kadhaa kuyeyusha barafu hiyo. Kwako ama hita haifanyi kazi, ama unyevu unaoingia umeizidi nguvu.

Anza na mpira wa mlango. Weka kipande cha karatasi, nusu ndani nusu nje, funga, kisha vuta. Kinapaswa kung'ang'ania. Zunguka pande zote nne, hasa kwenye pembe na upande wa bawaba. Mpira mchafu uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Uliokauka na kupasuka ubadilishwe.

Kisha hamisha chakula, chomoa plagi, acha milango wazi saa 24, tandika mataulo chini. Tafadhali usichokoe barafu kwa kisu. Koili ni alumini nyembamba, na ukiitoboa ndipo utakuwa na ugonjwa wa gesi kweli. Friji nyingi za sasa zina R600a, gesi inayoshika moto. Wakati unasubiri, piga brashi vumbi la kondensa, yale mabomba ya kutoa joto nyuma au chini ya friji, na uisogeze kidogo kutoka ukutani.

Ukishaiwasha, ipe siku nzima, halafu acha glasi ya maji yenye kipimajoto usiku kucha kwenye rafu ya kati. Asubuhi isome kati ya nyuzi 3 na 5 za Selsiasi. Ikitulia hivyo kwa siku kadhaa, kisha barafu ikarudi na mpira unashika vizuri, basi tatizo ni hita, themostati yake ndogo iliyobanwa kwenye koili, au taimu inayoziamuru. Hita hupimwa kwa mita ya fundi ya kupimia umeme, friji ikiwa imechomolewa: isiyopitisha umeme imekatika. Themostati ile ipimwe ikiwa bado kwenye baridi ya friza, maana ikipata joto la chumba hukata yenyewe, na hapo mafundi wengi huitupa nzima.

Kwa wasomaji wengine: kama kompresa yenu ni ya inveta, yaani inayobadilisha kasi yake, kukimbia polepole karibu muda wote ndiyo kawaida yake, mradi chakula kinakaa.

Wewe mwambie fundi wako apime hita na themostati kabla hajagusa bomba lolote. Akikataa, tafuta mwingine.